Mizani ya Clarksdale

Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Nilipokuwa sekondari Shinyanga, bluzi kwangu ilikuwa kitu kimoja tu: ule wimbo wa taratibu ambao mpiga disko aliuweka ikikaribia saa sita usiku, taa zinapunguzwa, wenye bahati wanashikana viuno, na sisi tusio na ujasiri tunatoka nje kununua soda. Nilikunywa soda nyingi miaka ile. Nimekaa Marekani mwaka wa kumi na moja sasa ndipo nikajua kwamba neno hilo ni la muziki wa Weusi wa Marekani, na kwamba lina kwao, jimboni Mississippi, na kwao penyewe ni nchi ya pamba. Mimi ni mtoto wa pamba, nimezaliwa Maswa. Nikaomba ruhusa kazini siku tano.

Tumetoka Memphis saa tisa alasiri kwa gari la rafiki yangu, mzaliwa wa Lubumbashi, Kongo, ambaye hupiga gitaa kanisani kwao kila Jumapili. Yeye ndiye dereva, mimi ndiye mwenye ramani na karanga. Barabara ya 61 inashuka kusini imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi hadi Clarksdale, mji wa watu wasiofika 15,000.

Eneo lote hili wanaliita Delta. Kwa jina hilo utadhani ni kama Rufiji, mto unapojimwaga baharini. Wala. Bahari iko mbali sana na hapa. Delta ya Mississippi ni bonde tambarare lililolala kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, kuanzia pande za Memphis hadi Vicksburg, na udongo wake uliletwa na mafuriko, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka. Tulipopita Tunica nilishusha kioo nikautazama vizuri: mweusi, mzito, unaopasuka jua likiuwakia. Ni udongo wa mbuga. Ule ule unaong'ang'ania jembe kule kwetu mvua za kwanza zikinyesha.

Kisha pamba yenyewe ikatokea. Nilimwambia asimamishe gari.

Sijui nieleze vipi. Miaka ishirini na kitu sijasimama kando ya shamba la pamba iliyopasuka. Nilichuma kitumba kimoja, na kabla sijafikiri vidole vyangu vilikuwa vimeshatoa nyuzi bila kuchomwa na vile vikonyo vikavu. Mikono ilikumbuka yenyewe. Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua na ilinichukua dakika nzima kulitambua: hakukuwa na mtu. Shamba linafika upeo wa macho, na ndani yake mashine moja kubwa ya kijani, mtu mmoja kakaa ndani ya kioo. Nyuma yake imeacha marobota ya mviringo, makubwa kuliko tangi la maji la elfu tano, yamezungushiwa plastiki ya njano na ya waridi. Kwetu shamba la ekari tatu wakati wa kuvuna lina kelele kama harusini. Hapa ni injini tu na upepo.

Tumeingia mjini jua likizama, tukaenda moja kwa moja kwenye njia panda. Ndiyo, ile. Barabara ya 61 na ya 49 zinapokutana kuna nguzo yenye magitaa matatu ya bluu, na watu wanapiga picha huku malori yanawapigia honi. Hadithi ni kwamba Robert Johnson, kijana ambaye mwanzoni gitaa lilimshinda, alikuja njia panda usiku wa manane akamkuta mtu mweusi mkubwa, ambaye ni shetani, akampa gitaa lake alikaze nyuzi, na gharama ilikuwa roho yake. Ukweli wa kumbukumbu ni kwamba Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, mwaka 1936 na 1937, kule Texas, akafa Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Hata kaburi lake wanagombania sehemu tatu. Na njia panda hii ya magitaa siyo ya enzi zake, kwani barabara zimehamishwa tangu wakati ule.

Kwa mtu wa kwetu hadithi hii haihitaji maelezo. Njia panda ndipo mganga anapokutuma ukatupe kafara, ndipo unapokuta chungu kilichovunjwa asubuhi na mama anakwambia usikiruke, zunguka. Rafiki yangu, ambaye ni mlokole, hakutaka kushuka garini. Alisema kutoka dirishani, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "yaya" ni ndugu mkubwa na "njo" ni "ndiyo": "Yaya, ile haiko shetani. Ile njo mazoezi."

Tumekula nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi katika kibanda kilichopo hapo hapo njia panda, Abe's, kilichoanza mwaka 1924. Nguruwe mimi si wangu sana, lakini mchuzi nimelamba vidole.

Ijumaa, 25 Oktoba

Chumba tulichopanga juu ya duka moja hakina maji ya moto. Mwenye nyumba ameahidi fundi. Nimeoga kama shule ya bweni, kwa kuruka ruka.

Makumbusho ya bluzi ya Delta yalianza mwaka 1979 katika chumba kimoja cha shule ya msingi, yakahamia maktaba, na tangu 1999 yamo ndani ya ghala la zamani la mizigo la reli, lililojengwa 1918. Ninalitaja ghala kwa sababu unalisikia. Sakafu, milango mipana ya kushushia mizigo, harufu ya matofali ya zamani. Reli hii ndiyo iliyotoa pamba nje, na baadaye ndiyo iliyowatoa watu.

Ndani kabisa kuna nyumba. Nyumba nzima, ya magogo ya msaipresi, imewekwa chini ya paa la nyumba nyingine. Ni kibanda alichokulia McKinley Morganfield, mwanamuziki ambaye dunia inamjua kwa jina la Muddy Waters, katika shamba la Stovall nje kidogo ya mji. Alilelewa humo na bibi yake. Nimekaa mbele yake kwa muda ambao mlinzi alikuja kuniuliza kama niko salama.

Mfumo uliomweka mtu kama huyo ndani ya kibanda kama hiki ni huu. Utumwa ulipokoma, mwenye ardhi alibaki na ardhi na walioachiwa huru walibaki na mikono. Basi wakapewa kipande cha shamba, mbegu, nyumbu wa kulimia na kibanda, kwa masharti ya nusu kwa nusu: mavuno yakija, nusu ya mwenye shamba, nusu yako. Ukisikia hivyo unaweza kusema si haba. Lakini kuanzia Machi hadi mavuno unakula nini? Unakula dukani kwa mwenye shamba, kwa mkopo, kwa bei anayopanga yeye. Unga, mafuta, viatu vya watoto, vyote vinaandikwa katika daftari ambalo analishika yeye. Pamba inapimwa kwa mizani yake, inauzwa na yeye, na karibu na Krismasi anakuita ofisini mfunge hesabu. Wengi walitoka ofisini humo wakiambiwa bado wanadaiwa. Kubisha hesabu za Mzungu katika Mississippi ya 1920 kulikuwa ni kuhatarisha shingo, na hapo sizungumzi kwa mafumbo.

Nimeyasoma hayo ukutani nikamkumbuka baba. Baba alikuwa mtu mpole isipokuwa siku moja kwa mwaka, siku ya kupeleka pamba kwenye ghala la chama. Sisi watoto tulikuwa tumeshatenganisha nyumbani pamba safi na pamba fifi, tumefunga, tumepakia kwenye mkokoteni. Tukifika, baba alisimama mbele ya mizani miguu imeachana, macho kwenye mshale, hapepesi. Alikuwa akisema pamba ina wadudu wawili, funza wa vitumba na karani. Wazee wake walikuwa wameona mabaya zaidi, enzi za wanunuzi binafsi, mizani ilipochezewa mchana kweupe, na ni hasira hiyo iliyozaa vyama vya ushirika vya Usukumani, hadi mwaka 1955 vikaungana chini ya Paul Bomani kuwa shirikisho kubwa la Victoria. Baadaye mambo yaliharibika na vyama navyo vikajifunza kutukopa: unapeleka pamba, unarudi na karatasi. Kwetu mkulima alikopwa, kwao alikopeshwa. Mwisho wa mwaka wote wawili walirudi nyumbani na mfuko uleule.

Agosti 1941 mtafiti wa nyimbo, Alan Lomax, alifika Stovall na mashine ya kurekodi, kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Alikuwa pamoja na John Work, mwalimu Mweusi wa Chuo Kikuu cha Fisk, ambaye mara nyingi husahauliwa hadithi hii inaposimuliwa. Wakamrekodi Muddy akipiga na kuimba kwao. Ndiyo mara ya kwanza alijisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye chombo. Miaka miwili baadaye alikuwa amepanda treni kwenda Chicago, baada ya kuomba nyongeza ya senti mbili tatu kwa saa na kunyimwa.

Hapo rafiki yangu, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akawaka. "Hii njo ya Bosco!" Ikabidi tutoke nje ili aongee kwa sauti anayotaka. Anayemsema ni Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, kule kule kwao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alipita huko na mashine yake akamrekodi, na kutokana na rekodi ile gitaa la kidole gumba na cha shahada, lenye maneno ya Kiswahili, likasikika Nairobi, Ulaya na kwingineko. Bosco alikuwa akipiga katika miji ya migodi, mbele ya watu waliotolewa vijijini kwenda kuchimba shaba ya wengine. Rafiki yangu amejifunza wimbo wake maarufu kwa baba yake, naye baba yake kwa jirani. Akanionyesha pale pale kwenye ngazi za ghala, anapiga gitaa la hewani: gumba linatembea chini bila kupumzika, kidole kingine kinasema juu. "Na sikia bale ba humu ndani," akasema. "Gumba njo lile lile."

Sijui kama ni lile lile kweli. Inawezekana mkono wa mwanadamu una njia chache tu za kulitongoza gitaa. Lakini tulirudi ndani tukasikiliza tena rekodi za zamani, na baada ya hapo sikuweza tena kuacha kulisikia gumba.

Usiku tukaenda Red's.

Red's Lounge iko kando ya mto Sunflower. Kwa nje ungesema ni gereji iliyofilisika. Ndani dari iko chini, taa nyekundu, bia inatolewa kwenye sanduku la barafu, kiingilio unatoa taslimu mlangoni. Mwenyewe, Red Paden, alifariki mwishoni mwa 2023, na picha yake inakutazama. Jukwaa hakuna. Wapigaji wako chini, mita mbili kutoka kwenye goti lako: mzee mwenye gitaa la umeme na kijana kwenye ngoma.

Mzee hakusalimia. Alipiga mlio mmoja, akauacha uning'inie, akapiga tena, na kijana akaingia polepole. Kisha akaimba mstari mmoja. Akaurudia, uleule, ila safari hii kana kwamba anamwuliza mtu. Halafu mstari wa tatu ukaja kuujibu. Bluzi karibu zote zimekaa hivyo: unasema, unarudia, unajijibu. Kurudia huko vitabu vinasema kunampa mwimbaji muda wa kutunga jibu. Mimi nilisikia kitu kingine. Kule kwetu watu wakilima kwa zamu, na ngoma inapigwa pembeni ya shamba, kiongozi hutoa mstari na majembe yote hupanda na kushuka kabla hajatoa mwingine. Huwezi kuharakisha. Jembe lazima lishuke. Mzee wa Red's alikuwa anaimba katika baa saa tano usiku, lakini katikati ya mstari wa kwanza na wa pili kulikuwa na nafasi ya jembe kushuka. Nasema nilichosikia, mwenye masikio mengine aje na yake.

Alivaa kwenye kidole cha mwisho shingo ya chupa, na alipoitelezesha juu ya nyuzi gitaa lilikuwa linamalizia maneno ambayo yeye ameyaacha. Anaimba nusu sentensi, gitaa linamalizia. Watu wakaitika. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango, mtu mzima, kavaa sare ya kazi ya hospitali, alikuwa ameinamisha kichwa na kila mstari anasema "mm". Si kwa ajili yetu. Ukiondoa yeye na wachache, waliokuwepo tulikuwa wageni: Waholanzi, Wajapani wawili, kundi la wastaafu wa Kiingereza, na Waafrika wawili ambao kila mtu alidhani ni wenyeji mpaka walipofungua midomo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Fundi wa maji hajaja.

Tumetembea mji kwa miguu, na lazima niseme mji umechoka. Mtaa mmoja una majengo mazuri ya matofali, lile la stesheni ya zamani ya mabasi ya Greyhound na kona zake za mviringo, duka la santuri na sanaa la Cat Head, na klabu kubwa ya Ground Zero iliyofunguliwa 2001 na mwigizaji Morgan Freeman na wenzake, kuta zake zimejaa majina ya wapita njia. Mtaa wa pili madirisha yamezibwa kwa mbao. Wanaishi kwa wageni wa muziki, na sina haki ya kulalamika maana mgeni mwenyewe ni mimi. Lakini kuna dakika ilinijia kwamba tunanunua vikombe vyenye picha ya shida za babu wa mtu.

Barabara ya Sunflower, namba 615, kuna nyumba ndefu ya matofali, hoteli ya Riverside. Imefungwa tangu dhoruba ya 2020, tuliitazama kwa nje tu. Kabla haijawa hoteli mwaka 1944 ilikuwa hospitali ya Weusi. Hapa ndipo Bessie Smith, malkia wa bluzi, alipofia asubuhi ya 26 Septemba 1937 baada ya ajali kwenye ile ile barabara ya 61 tuliyokuja nayo. Kwa miaka mingi ilisemwa alifikishwa hospitali ya Wazungu akakataliwa mlangoni. Haikuwa hivyo. Gari la wagonjwa lilimleta huku moja kwa moja, kwa kuwa mwaka 1937 katika Mississippi hakuna dereva ambaye angefikiria kumpeleka mtu Mweusi kwingine. Nilipoelewa hilo niliona ukweli ni mzito kuliko uvumi. Kumkataa mtu angalau kunataka mtu asimame mlangoni aseme hapana.

Wamiliki wa hoteli walikuwa Weusi na wageni wake walikuwa wanamuziki ambao hoteli nyingine zisingewalaza. Ike Turner, mtoto wa mji huu, aliishi humo, na humo bendi yake ilifanyia mazoezi wimbo wa Rocket 88 kabla ya kwenda kuurekodi Memphis mwaka 1951. Wengi huuita wimbo wa kwanza wa rokenroli. Mwimbaji Sam Cooke naye kazaliwa mji huu, na mwanabluzi John Lee Hooker karibu na hapa. Mji mdogo kuliko Maswa! Mpaka leo haujaacha kuzaa: Christone Ingram, yule kijana mpiga gitaa wanayemwita Kingfish, kazaliwa 1999.

Kuna jambo jingine la 1961 ambalo sikulijua. Kila Desemba mji ulikuwa na gwaride la Krismasi, na mwaka huo wakuu wa wafanyabiashara wakakataza bendi za Weusi zisishiriki. Aaron Henry, mwenye duka la dawa na kiongozi wa chama cha haki za Weusi cha NAACP, akaongoza mgomo: kama hatuwezi kuandamana mjini, hatununui mjini. Mgomo wa maduka, chanzo chake bendi ya tarumbeta. Katika mji huu hata siasa inaanzia kwenye muziki.

Chakula cha mchana kilikuwa tamale, kitu wanachokipenda sana Delta. Nyama yenye pilipili imezungushiwa unga wa mahindi, ikafungwa ndani ya ganda la hindi na kuchemshwa. Ni ugali uliomeza mboga yake. Inasemwa ulikuja na vibarua wa Meksiko waliochuma pamba hapa. Nilikula sita, nikaongezea kambare wa kukaanga na sahani ya sukuma wiki, na rafiki yangu akaniuliza kama nina mimba.

Halafu duka la vitu vya zamani. Kati ya vyerehani na mabango ya soda ilining'inia mizani ya pamba: fimbo ndefu ya chuma yenye alama za ratili, kulabu chini yake, na jiwe la kutelezesha. Nilipogusa lile jiwe mwenye duka alisema bei. Nikamwambia sinunui, naangalia tu mshale uko wapi. Hakunielewa, na sikuweza kumweleza.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Rafiki yangu kaenda kanisani, karudi ameridhika, anasema mpiga besi alikuwa mmoja wa wale wa Ijumaa usiku. Gurudumu la nyuma limepata pancha, na Jumapili hapa hakuna fundi aliyefungua. Mchana nimelala. Fundi wa maji amekuja, ametazama, ameondoka.

Jumatatu, 28 Oktoba

Asubuhi, baada ya kuziba pancha, tumekwenda Hopson, shamba kubwa maili chache kusini ya mji. Nilipauliza swali langu la Alhamisi, watu wako wapi, na hapa ndipo penye jibu. Oktoba 1944, kiwanda cha zana cha International Harvester kilileta hapa mashine nane nyekundu za kuchuma pamba na maelfu ya watu wakaja kutazama. Mashine moja ilifanya kazi ya watu hamsini. Mwenye shamba alipiga hesabu: robota la pamba iliyochumwa kwa mashine lilimgharimu dola 5 na senti 26, la mkono dola 39 na senti 41. Mwaka huo huo Hopson wakawa wa kwanza kulima na kuvuna pamba yote kwa mashine tangu kupanda hadi kufunga robota.

Baada ya hapo mkono haukuhitajika. Watu walikuwa wamekwishaanza kuondoka tangu vita ya kwanza, na sasa wakaondoka kwa makundi, treni kwa treni, kwenda Chicago, Detroit, St. Louis. Weusi waliohama Kusini mpaka kufikia 1970 wanakadiriwa kuwa milioni sita. Muziki nao ulikwenda nao ukachomekwa kwenye umeme. Ndiyo maana bluzi ya Muddy Waters ambayo dunia inaijua ni ya Chicago, na ndiyo maana shamba nililoliona Alhamisi lilikuwa na mtu mmoja.

Vibanda vya wakulima wa Hopson siku hizi hulaza watalii. Vimetiwa viyoyozi. Rafiki yangu aliuliza kwa nini hatukulala huku, angalau kuna maji ya moto. Nilimwambia mimi nimelala kwenye nyumba ya aina hiyo bure kwa miaka kumi na saba.

Kutoka hapo tukaenda Stovall, upande wa pili wa mji. Kilichobaki ni kibao cha bluu kando ya barabara, pale kibanda cha Muddy kilipokuwa. Vibao hivi vimezagaa Mississippi nzima, vimepita 200. Nyuma ya kibao ni pamba, iliyovunwa nusu. Nimesimama hapo natazama, gari dogo la mizigo likasimama, mzee akashusha kioo akauliza kama tumepotea.

Tukamwambia tunatoka wapi. Akazima injini. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mtu wa hapa, amechuma pamba tangu akiwa na miaka saba hadi alipoitwa jeshini. Tulikaa juu ya kifuniko cha nyuma cha gari lake tukaongea pamba kama watu wa ukoo mmoja. Vidole, mgongo, mfuko mrefu unaouburura mistari yote. Nilimwuliza kuhusu mizani. Akacheka kwanza. Akasema walikuwa wanaanza kuchuma mapema sana, umande haujakauka, maana pamba yenye umande ni nzito. Nikamwambia sisi tulitia maji kabisa, na jirani yetu mmoja, Mungu amrehemu, alitia mchanga. Akapiga paja. Kisha akasema baba yake hakujua kusoma lakini alikuwa na fundo kwenye kamba kwa kila mfuko aliopeleka, na kila Desemba alikwenda nayo ofisini mfukoni, na hakuwahi hata mara moja kuitoa.

Ilikuwa saa tano asubuhi, Maswa ni saa moja usiku. Nikampigia mama, nikamgeuzia simu aone shamba. Alinyamaza kidogo. Hakuuliza kuhusu muziki, ingawa nilikuwa nimemweleza wiki nzima. Aliuliza huko wanauza kilo shilingi ngapi.

Nikamtafsiria mzee. Akasema ni senti sabini hivi kwa ratili, ikiwa imeshachambuliwa. Nikamrudishia mama, na mama, ambaye anazikumbuka ratili za ujana wake, akatulia akipiga hesabu.

"Mwulize," akasema, "mizani ni ya nani."

Nikauliza. Mzee alicheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Mwambie mama," akasema alipopata pumzi, "bado ni yake yule yule."